Rangi Haina Kosa

Katika Nyanda za Juu Kusini iko hukumu moja inayotolewa kabla kesi haijasikilizwa: rangi ikibanduka ukutani, basi rangi ilikuwa feki. Mwenye nyumba anaitoa, fundi anaitoa, na jirani aliyepita kusalimia anaitoa huku akinyooshea kidole gamba linaloning'inia juu ya soketi. Watu wanaipenda hukumu hii kwa sababu inawaachia huru wote waliokuwepo na kumtia hatiani asiyekuwepo, yaani kiwanda au mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Uyole, Mwanjelwa na Mafiati jijini Mbeya, Kihesa na Ipogolo mjini Iringa, nyumba mpya zinazovimba malengelenge kabla ya kutimiza mwaka si ngeni kwa yeyote, na kila moja ina maelezo hayo hayo. Nayapinga. Sikatai kwamba bidhaa bandia zipo sokoni, wala kwamba Shirika la Viwango Tanzania lina kazi ya kufanya. Ninachosema ni kwamba katika nyumba mpya rangi ndiyo mshtakiwa wa mwisho wa kufikiriwa, si wa kwanza. Wa kwanza ni ukuta wenyewe: ukuta uliopigwa rangi ukiwa bado na maji, bado na ukali wa saruji, bado na vumbi la msasa, na bila praima.

Ushahidi upo, tena uko sakafuni. Okota gamba lililobanduka, ligeuze, utazame mgongo wake. Rangi mbovu kwelikweli, ile iliyojazwa unga wa chaki na kunyimwa gundi, haibanduki kwa vipande vipana. Haina nguvu ya kushikana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo haiwezi kutoka ikiwa nzima. Inapauka mahali ilipo na kuacha unga kiganjani ukiipapasa. Gamba pana kama kiganja, linalopinda bila kukatika, ni gamba la rangi yenye afya. Limejishika lenyewe vizuri na kushindwa kuushika ukuta. Sasa soma mgongo. Ukikuta unga mweupe umeganda nyuma yake, kilichoachia ni skimu, lile koti jembamba la kulainisha lipu: rangi iliushika unga kwa nguvu zake zote, na unga haukuwa umeshikamana na chochote. Ukikuta mgongo safi, mkavu na wenye kuteleza, uso wa ukuta ulikuwa umelainishwa kupita kiasi au maji yalisukuma kutoka ndani. Ukikuta chembe za chumvi zinazometameta, maji yalipita hapo yakielekea nje na kuacha mzigo wake njiani. Katika hali zote hizo kopo halina la kujibu. Inasikitisha kwamba gamba hilo hufagiliwa na kutupwa, na mwenye nyumba akaenda dukani kununua rangi ya bei kubwa zaidi ili airudishe juu ya unga ule ule.

Hiyo rangi ya bei kubwa haimsaidii, na mara nyingi inamwongezea hasara. Rangi za daraja la juu, zile zinazong'aa na kuoshwa kwa kitambaa, zina gundi nyingi na hutengeneza utando uliofunga. Utando huo ni sifa njema juu ya ukuta mkavu. Juu ya ukuta wenye maji ni kizuizi: mvuke unaotafuta njia ya kutoka unaukuta umeziba, unaukusanyikia nyuma, na lengelenge linaanza. Rangi hafifu yenye vinyweleo ingeuacha mvuke upite. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kujenga kiwanja kwa kiwanja, mwezi mmoja, na yule aliyenunua rangi ghali akawa wa kwanza kuita fundi tena. Mwenye imani ya rangi feki hawezi kulieleza jambo hilo. Anayejua habari za maji analieleza kwa sentensi moja.

Tuyafuate basi hayo maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji maji yapatayo robo ya uzito wake, lita 12 hivi, ili saruji ifungamane kikemia. Hakuna fundi anayeweza kupiga lipu kwa maji hayo tu. Mchanganyiko usingetandazika wala kukaa kwenye mwiko. Anamwaga lita 25, pengine 30, na mchanga nao unakuja na unyevu wake. Kisha lipu inamwagiliwa maji kwa wiki nzima, na ndivyo inavyotakiwa, kwani lipu iliyokauka kabla ya kukomaa hupasuka nywele nywele na kubaki unga. Maji yote yaliyozidi hayana pa kutokea isipokuwa usoni pa ukuta, pale pale tunapotaka rangi ikae. Kanuni ya kawaida ya ufundi ni kusubiri siku 28 tangu lipu ipigwe, na hesabu hiyo inachukulia kwamba kuna joto la kutosha na hewa inapita.

Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na Iringa karibu 1,600. Kifuku, yaani msimu wa mvua, huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, wakati mwingine Mei, na katika miezi hiyo hewa yenyewe imebeba unyevu kiasi kwamba ukuta hauna wa kumpa wake. Ukiteremkia Tukuyu hali inazidi. Juni na Julai mvua hakuna, lakini usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na saruji hukomaa polepole kwenye baridi. Rangi ya maji nayo ina sharti lake la joto: chembe zake za gundi zinapaswa kulainika na kuungana ziwe utando mmoja, na kwenye baridi kali zinakauka kila moja kivyake. Koti la pili lililopigwa saa kumi na moja jioni mwezi Julai mjini Mafinga halipati muda huo kabla ya usiku. Kwa kugusa litaonekana kavu asubuhi. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye joto la Pwani anakuja huku na kalenda ya Pwani, na mwenye nyumba hana sababu ya kumbishia kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukuta wa Mbeya una saa yake.

Kipimo kipo na hakigharimu chochote cha maana. Kata kipande cha nailoni ile inayotandikwa chini ya zege, kiwe cha nusu mita kwa nusu mita (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, nailoni ya ujenzi bado inauzwa). Kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache usiku kucha, angalau saa 16. Asubuhi kitazame kabla ya kukibandua. Kukiwa na matone kwa ndani, au ukuta umebadilika rangi ukawa mweusi-mweusi pale kilipokaa, siku ya rangi haijafika, hata kama uso unaonekana mweupe na ukigusa ni mkavu. Kwa vumbi kipimo ni chepesi zaidi: pitisha kitambaa cheusi juu ya skimu mara moja. Vipimo hivyo viwili vingemaliza nusu ya malalamiko ya rangi feki katika mikoa hii, na ni nadra mno kumwona mtu akivifanya.

Kwa nini havifanywi? Kwa sababu ya namna tunavyojenga. Nyumba nyingi hapa hazijengwi kwa mkopo wa mara moja. Hujengwa kwa mshahara, kwa mahindi, kwa viazi, kwa parachichi, kwa mbao. Boma la tofali za kuchoma linaweza kusimama miaka mitano au kumi bila paa, likisubiri msimu mzuri. Huo ni uvumilivu mkubwa, na sina neno nao ila heshima. Lakini uvumilivu huo unaisha ghafla mwishoni. Fedha ya kumalizia ikipatikana, na Krismasi au harusi ikikaribia, lipu, skimu, silingi, umeme na rangi vyote vinabanwa kwenye wiki sita. Tena wiki hizo huwa ni za Novemba na Desemba, kwa kuwa ndipo ndugu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na ndipo mvua inapoanza. Ukuta uliosubiri miaka kumi ukiwa tofali unanyimwa siku 28 za lipu.

Si watu binafsi peke yao. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa maendeleo kwa ustawi wa Taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ikajenga madarasa 15,000 yaliyotakiwa kupokea wanafunzi Januari 2022. Watoto walipata pa kukaa, na hilo ni jambo kubwa. Sisemi kwamba kuta za madarasa hayo zimeharibika. Nazungumzia kalenda tu: msingi, kuta, paa, lipu na rangi ndani ya miezi mitatu hivi, katika mikoa ambayo mvua ilikuwa inaanza. Kalenda ya namna hiyo ikishakuwa mfano wa kazi iliyofanyika vizuri, ni vigumu kumwambia mwenye nyumba wa Ilomba au Gangilonga kwamba asubiri mwezi mmoja kabla ya kupaka rangi sebule yake.

Ukiacha maji kuna ukali. Saruji inapokomaa hutoa chokaa iliyokolea, na uso wa lipu changa kwa kipimo cha pH hufika 12 na kupita. Skimu ya simenti nyeupe ni hivyo hivyo. Hapa desturi yetu moja inajipalia makaa: mkanda wa rangi ya mafuta unaopakwa kuanzia sakafuni hadi kiasi cha mita moja kwenye madarasa, zahanati na korido za nyumba za wageni, ili uchafu uoshwe kwa urahisi. Nia ni njema. Lakini mafuta yakikutana na magadi hugeuka sabuni; ndivyo sabuni inavyotengenezwa. Rangi ya mafuta juu ya lipu changa inalainika kwa nyuma, inanata, inatoa michirizi ya kahawia na mwishowe kuachia ukuta. Mtu anasema rangi haikukauka, ni feki. Rangi ilikauka vizuri, kisha ukuta ukaila. Praima inayostahimili ukali wa saruji, ile ya maji yenye gundi ya akriliki, imetengenezwa kwa ajili ya kusimama kati ya hivyo viwili. Rangi inayowekwa juu ya lipu changa bila mpatanishi huyo inapelekwa vitani bila silaha.

Sasa tuje kwenye jipsamu, kwa kuwa huko hukumu ya rangi feki ina udhaifu mkubwa zaidi. Bodi ya jipsamu ilianzia Marekani, ambako Augustine Sackett alipata hataza ya bodi za namna hiyo mwaka 1894. Kwetu iliingia kwanza kama silingi, na sasa inagawa vyumba vya maduka, ofisi na saluni. Bodi haina ukali wa saruji wala haina maji ya kungoja mwezi mzima, kwa hiyo fundi anaiona iko tayari mara tu inapofungwa. Nayo ina udhaifu wake. Uso wake si kitu kimoja: kuna karatasi, kuna viungo vilivyozibwa kwa unga wa jipsamu juu ya utepe wa nyavu, kuna vichwa vya skrubu vilivyofunikwa. Karatasi inakunywa rangi kidogo, unga unakunywa sana. Ukipaka rangi moja kwa moja, kila kiungo kinajitokeza kama mstari mfifu, na koti la tatu haliufuti kwa sababu tofauti iko chini. Mchana wa mawingu hauonekani. Washa zile taa za kamba zilizofichwa kwenye ngazi za silingi, mwanga ukipita kwa ubavu, na utahesabu bodi zote za chumba, kila moja mita 1.2 kwa 2.4. Pale msasa ulipochuna karatasi, rangi iliyojaa maji inasimamisha nyuzi zake na uso unakuwa na manyoya. Praima ya jipsamu inasawazisha unywaji, inatuliza nyuzi na kulifunga vumbi. Hakuna kazi nyingine kwenye bodi mpya inayoleta mabadiliko makubwa hivyo kwa fedha ndogo hivyo.

Kwenye silingi za huku kuna jambo jingine ambalo praima hailiwezi, na ni haki kulitaja. Fremu zake mara nyingi ni mbao za paini kutoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi, zikiwa zimetoka mashineni juzi. Mbao mbichi husinyaa na kujipinda zinapokauka, na zikivuta, viungo vya bodi vinapasuka. Ufa ulionyooka kabisa, unaofuata mstari wa kiungo, ni ushahidi wa mbao. Vivyo hivyo unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi usio na kizuizi utaangusha rangi yoyote yenye praima yoyote. Nayasema haya kwa sababu anayetetea praima kama dawa ya kila kitu anarudia kosa la wanaolaumu kopo kwa kila kitu: wote wawili wanatafuta jibu kwenye chombo badala ya kuutazama ukuta.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu inatoka kwa mafundi wenyewe, na wanaoitoa si wajinga. Wanasema: tunaizimua rangi ile ile kwa maji, tunaipiga koti la kwanza, inaingia ukutani na ndiyo praima yetu. Kuna ukweli ndani yake. Uingereza mafundi wana desturi ya kupiga rangi ya maji iliyozimuliwa, isiyong'aa, juu ya lipu ya jipsamu, na inafanya kazi. Lakini angalia masharti yake: lipu imekauka kabisa, haina unga, haina ukali, na rangi ni ya kawaida isiyofunga. Huku tunachukua njia hiyo na kuacha masharti yote manne. Tunaizimua rangi inayong'aa na kuipiga juu ya skimu ya simenti yenye siku nne, inayotoa unga. Tena kadiri unavyoongeza maji ndivyo gundi inavyopungua katika kila pigo la rola. Ukifikia nusu kwa nusu umelowesha vumbi na kulipaka rangi, hujalifunga. Kwa hiyo namjibu fundi hivi: njia yako ni halali kwenye ukuta uliokomaa na usioacha kitu kwenye kitambaa. Ukuta wa namna hiyo uonyeshe kwanza.

Hoja ya gharama inasikika zaidi na ina nguvu kidogo. Chukua chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, kimo mita 3. Kuta zake ni mita za mraba 42; ondoa mlango na dirisha zibaki 38 hivi. Kwenye uso uliozibwa, lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba, hivyo makoti mawili ni kama lita nane. Kwenye skimu kavu isiyo na praima koti la kwanza linanyonywa, la pili linaacha mabaka, na fundi anaomba ndoo nyingine. Praima kwa kawaida ni nafuu kuliko rangi ya kumalizia, na koti moja linatosha. Anayeikataa kwa ajili ya fedha anainunua mara mbili, mara ya kwanza kwa rangi iliyozama ukutani, mara ya pili kwa siku za fundi za kukwangua.

Wapo pia wanaosema wazee walijenga bila praima na kuta zao zipo. Ni kweli, ila wazee walipaka chokaa. Chokaa, kama hii inayochomwa Songwe, ni jamaa wa lipu: haiogopi ukali, inapitisha mvuke, na ikichakaa inapauka bila kubanduka kwa magamba. Inapakwa upya kwa brashi ndani ya siku moja. Sisi tulibadilisha kitu kinachopakwa tukabaki na haraka ya zamani, haraka ambayo chokaa iliweza kuivumilia. Utando wa plastiki, kwani rangi ya maji ya leo ni plastiki, hauivumilii. Mfano wa wazee, ukifuatwa hadi mwisho, unaniunga mkono mimi.

Kinachonikera zaidi katika hukumu ya rangi feki ni yule inayemwangukia pale kiwanda kinapokuwa mbali mno kushtakiwa. Fundi rangi huja mwisho, fedha ikiwa imeisha. Hakuchagua mchanga, hakupanga tarehe ya harusi, hakupiga lipu. Anakabidhiwa ukuta na siku tatu, analipwa kwa chumba, na kila siku anayosubiri ukuta ukauke ni siku asiyolipwa. Akisema ukuta bado, anaonekana mvivu au anatafuta posho, na kuna mwingine kijiweni atakayeanza leo hii. Rangi ikibanduka, yeye ndiye anayepigiwa simu. Katika mazingira hayo kusema rangi ni feki ni kujikinga tu, na simlaumu. Lawama yangu iko kwa makubaliano yaliyomfikisha hapo. Makubaliano ya kazi yanaweza kuandikwa tofauti: lipu ilipwe ikishafika siku yake ya kumwagiliwa ya mwisho, skimu ikubaliwe kwa kitambaa cheusi mbele ya mwenye nyumba, praima iandikwe kama kazi yenye bei yake na siku yake, na fundi rangi aitwe baada ya nailoni kutoka ukutani ikiwa kavu. Upakaji rangi ni fani inayofundishwa katika vyuo vya ufundi vya VETA. Asiyemwamini fundi wa kijiweni ana pa kuuliza.

Na ambaye lazima ahamie Desemba, ahamie. Ukuta wa lipu tupu unakalika, na ukitaka weupe kwa ajili ya wageni, chokaa ipo. Fungua madirisha kila mchana usio na mvua, upikie nje au jiko la uani ili mvuke usiongezeke ndani, na uache ukuta upumue kifuku kizima. Agosti hadi Oktoba hewa ya Iringa na Mbeya ni kavu, upepo unapita, mchana una joto la kutosha. Ikwangue chokaa wakati huo, ulifute vumbi, upige praima asubuhi na koti la kwanza la rangi siku inayofuata. Wageni wa Krismasi ya pili hawatakuta gamba juu ya soketi.